Milimita Tano na Nusu

Kwenye injini ya pikipiki yangu, upande wa kushoto, chini ya silinda, pamegongwa maandishi: 156FMI. Vijana wa kijiweni wakitaka kujua mtu anaendesha nini hasa, hawahangaiki na stika za kwenye tangi. Wanachutama, wanafuta tope kwa kidole gumba, wanasoma. Injini nyingi za Kichina zinasomeka kwa mtindo huo. Ile 1 ya mwanzo ni silinda moja. 56 ni upana wa silinda kwa milimita, nusu inayofuata wameiacha. F ni injini ya kupoozwa na upepo, M ni ya pikipiki, na I ni kundi la CC 125, yaani sentimita za ujazo 125 ndani ya silinda. Ukikuta 162FMJ, ujue ni ya 150 na silinda yake ina upana wa milimita 62.

Yangu imeandikwa 156 na inaongopa. Ndani mna pistoni ya 62. Nataka kusimulia hizo milimita tano na nusu zilivyoingia, zilichonipa, na siku zilipoketisha mtu mzima kando ya barabara pale Muheza akimenya machungwa ambayo hakuwa amepanga kununua.

Nina duka dogo la pembejeo Lushoto. Mzigo wangu mwingi unateremshwa Mombo, kwenye barabara kuu ya Dar na Arusha, na kuanzia hapo kila mtu na utaratibu wake wa kuupandisha. Mombo hadi Lushoto ni kilomita kama 33, karibu zote za kupanda. Unaondoka kwenye joto la mita mia nne na kitu juu ya usawa wa bahari, unafika kwenye baridi ya mita 1,400 hivi, na katikati ni kona juu ya kona, mwamba upande mmoja na korongo upande wa pili, mpaka maporomoko ya Soni. Mimi nilikuwa nafunga mifuko miwili ya mbolea ya kilo 50 nyuma. Gia ya tatu inakata pumzi, unarudi ya pili. Ya pili nayo inalia kama mbuzi anayevutwa kamba. Siku moja fuso la saruji lilinipita kwenye mlima huo. Lilinipita polepole mno, kiasi kwamba utingo aliyening'inia mlangoni alipata wasaa wa kunisalimia, kuniuliza natoka wapi, na kunitakia safari njema.

Kesho yake nikawa gereji.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Imekufa?"

"Haijafa. Haivuti."

Fundi wangu hana haraka. Alifuta mikono kwa tambara, akaizunguka pikipiki, akabonyeza mnyororo kwa kidole kuona umelegea kiasi gani. Halafu akaniuliza: "Unataka nguvu au unataka kelele? Maana kelele ni bei rahisi. Natoboa sailensa hapo, unaondoka sasa hivi."

Nikasema nataka nguvu. Akavuta kigoda, akakaa. Nikajua maongezi ni marefu.

Tatizo la nguvu ya injini ni hewa. Petroli unaweza kuimwaga kadiri upendavyo, lakini haiungui bila hewa, na hewa inayoingia ni ile tu pistoni inayoweza kuivuta inaposhuka. Ukitaka hewa zaidi kwa kila pigo, panua chombo. Hesabu yake ni ya darasani: nusu ya upana, izidishe kwa yenyewe, mara 3.14, mara urefu ambao pistoni inatembea. Injini yangu ilikuwa na upana wa 56.5 na mwendo wa 49.5, na jibu ni sentimita za ujazo 124. Weka 62 bila kugusa krenki, yaani mhimili unaozungushwa na pistoni, unapata 149. Upana umeongezeka kwa chini ya asilimia 10, ujazo umeongezeka kwa 20, kwa sababu upana unajizidisha wenyewe. Hapo ndipo mtu anapopata kichaa. Unatazama tundu la silinda, unaona ukingo mwembamba tu wa chuma, unasema hiki ndicho kinachoninyima.

Nikafurahi na hiyo asilimia 20 wiki nzima. Kisha usiku mmoja, nikiwa nimejifunika blanketi mbili, nikakumbuka jambo ambalo mtu wa Lushoto hapaswi kulisahau: hewa yetu ni nyepesi. Kwenye mita 1,400 kanieneo ya hewa ni kama asilimia 85 ya ile ya pwani. Pikipiki niliinunua Tanga mjini, nikaijaribu barabara ya baharini, nikaipenda. Huku juu silinda yake ya 124 inapata hewa ambayo kule Tanga ingetosha silinda ya 105 tu. Nikachukua kalamu: 149 mara 0.85 ni 127. Yaani nguvu zote hizo nilizokuwa naziota zilikuwa zinanirudisha mahali nilipokuwa siku ya kununua. Nilikuwa nakwenda kumlipa fundi aniletee Lushoto pikipiki niliyoiacha Tanga.

Nilimweleza mzee. Akacheka. "Sasa hutaki?"

Nikamwambia nataka hivyohivyo.

Hizi injini tunazoendesha wengi wetu ni watoto wa Honda CG125, iliyoanza kuuzwa mwaka 1976. Wajapani waliitengeneza wakijua itakwenda kwa watu kama sisi, watu wa kuahirisha sevisi mpaka chombo kigome. Kwa hiyo waliachana na cheni ya taimingi inayopanda hadi kwenye hedi, kile kifuniko cha juu ya silinda, wakaweka gia kule chini na pushirodi mbili, yaani vijiti vya kusukuma valvu, milango ya kuingizia hewa na kutolea moshi. Viwanda vya China vikaikumbatia. Kwa fundi wa kijijini ni baraka tupu: fungua hedi, nyanyua bloku yenye silinda, hakuna cheni ya kukutumbukia tumboni mwa injini. Ila pushirodi hizo zinapita ndani ya bloku, ubavuni mwa silinda, na upande huo hakuna nyama nyingi ya kuchezea.

Ndiyo maana wazo langu la kwanza, la kupeleka bloku ileile ikachongwe hadi 62, lilikufa siku hiyohiyo. Kuboa, yaani kupanua tundu la silinda, kwa kawaida ni kwa ajili ya silinda iliyolika. Pistoni za ovasaizi, zilizozidi kipimo cha kwanza, zinakwenda robo robo: 0.25, 0.50, 0.75, mwisho milimita 1. Mimi nilitaka tano na nusu. Slivu, yaani bomba la chuma lililo ndani ya bloku ya alumini, haina unene huo. Ukiichonga hivyo unabaki na bangili. Njia iliyobaki ni kununua bloku nzima ya 150, na pistoni yake, ringi zake, yaani pete za kuzunguka pistoni, na gasketi zake. Pini ya pistoni ni ileile ya milimita 15, kwa hiyo koneti rodi, mkono unaounganisha pistoni na krenki, haikuhitaji kubadilishwa. Nilipoona pini inaingia vizuri nikaamini kazi imekwisha.

Haikuwa imekwisha. Slivu ya bloku mpya inashuka chini kama kola ya shati, na kola hiyo haikuingia kwenye mdomo wa kesi ya injini yangu. Ilikataa kabisa. Tukalazimika kushusha injini yote, kutenganisha kesi, kutoa krenki na gia, kisha kufunga pande mbili za kesi tupu na kuzipeleka Korogwe kwa babu mmoja mwenye lezi, mashine ya kuchongea chuma. Aliifunga ile kesi kwenye mashine kwa muda mrefu kuliko aliotumia kuichonga. Anaweka kipimo, anazungusha kwa mkono, anatazama sindano, anagonga kidogo kwa nyundo ya mbao, anazungusha tena. Nikamuuliza mbona kisu hakianzi. Akaniambia, bila kuniangalia, kwamba kukata ni dakika kumi, lakini tundu likikaa pembeni, pistoni itapanda ikiegemea ukuta mmoja maisha yake yote.

Sehemu niliyoipenda kuliko zote ni ringi. Wengi wanazifunga kama zilivyotoka kwenye boksi. Mzee wangu alichukua ringi moja ya juu, akaibana kwa vidole, akaiingiza peke yake ndani ya silinda tupu, kisha akageuza pistoni kichwa chini na kuitumia kuisukuma ringi ile kwenda ndani ili ikae sawa bila kuinama. Ukichungulia unaona ncha mbili za ringi zinakaribiana bila kugusana. Akapitisha fila geji, kipimo cha vibati vyembamba, katikati. Blade ya milimita 0.15 ikapita kwa shida, ya 0.20 ikagoma. Yeye alitaka 0.25, kwa sababu chuma kikipata moto kinarefuka, na ncha zikikutana ringi haina pa kwenda isipokuwa kuchimba ukuta. Akabana tupa ndogo kwenye jiliwa, akasugua ncha moja mara tatu, akafuta, akapima. Mara mbili tena. Akapima. Kazi ya dakika ishirini kwa nafasi ambayo kwa macho yangu haikubadilika hata kidogo. Kibandani kulikuwa na redio inayosoma matangazo ya vifo, na hakuna aliyezungumza mpaka 0.25 ikapita.

Ugonjwa huu wa kupanua silinda ni wa zamani, na una manabii wake. Burt Munro wa Invercargill, New Zealand, alinunua Indian Scout ya mwaka 1920 yenye CC 600, akaichokonoa kwa miaka zaidi ya arobaini. Pistoni zake alizimimina mwenyewe kwa chuma chakavu, kwenye makopo. Mwaka 1967, akiwa na umri wa miaka 68, injini hiyo ikiwa imefika CC 950 hivi, aliipeleka kwenye uwanda wa chumvi wa Bonneville kule Utah, Marekani, akaweka rekodi ya wastani wa karibu kilomita 296 kwa saa. Zile pistoni zilizopasuka na rodi zilizopinda njiani alizipanga rafuni nyumbani kama sadaka. Rafu yangu mpaka sasa ina pistoni mbili.

Turudi gereji. Hedi niliacha ileile ya 125 kwa ubahili, na hilo lilikuwa kosa. Chumba cha kuunguzia hakikubadilika, ila ujazo wa chini yake umeongezeka, maana yake mchanganyiko mkubwa zaidi unakandamizwa kwenye nafasi ileile. Injini hizi zinakandamiza kama 9 kwa 1. Kwa hesabu ya haraka, yangu ilikuwa imekaribia 10 na nusu. Kiki yenyewe ilisema: iligeuka na kunipiga ugoko. Na ukiipa resi ghafla kwenye mlima, ndani kulisikika sauti kama punje za mahindi zinazomwagwa kwenye bati. Hiyo ni petroli inayojiwasha kabla ya zamu yake. Ikabidi ninunue hedi ya 150 pia, ambayo chumba chake kimetengenezwa kwa upana wa 62. Tukarekebisha nafasi ya valvu kwa milimita 0.08, kabureta ikawa ya 150, tukaanza kutafuta jeti, kile kitundu ndani ya kabureta kinachopima petroli. Plagi ikitoka nyeupe, mafuta ni kidogo. Ikitoka na masizi, ni mengi. Kwa jeti kubwa namba 100, plagi ilitoka na rangi ya kahawa ya maziwa. Mzee akaiinua juani, akaigeuza, akasema hiyo ndiyo.

Kilomita 500 za kwanza niliendesha kama nabeba mayai. Halafu nikashuka Mombo, nikafunga mifuko yangu miwili, nikapanda.

Sikupaa. Watu wanaosimulia kwamba pikipiki "ilikimbia kama ndege" baada ya kuwekewa bloku kubwa wanauza bloku. Kwenye tambarare mwendo wa mwisho ulibadilika kidogo sana, na sababu inaeleweka: sufuria imekuwa kubwa lakini mdomo wa kumiminia, yaani valvu na njia zake, haujakua kwa kiasi hicho. Resi ikipanda sana injini inakosa pumzi kama zamani. Faida iko chini na katikati, pale pistoni inapokuwa na muda wa kujaza. Na mlima unaishi hapohapo. Kona ambazo nilikuwa nazilipa kwa gia ya pili nikawa nazipita na ya tatu, injini ikiunguruma chini kwa sauti nzito, bila kulia. Pale Soni nilisimama kwa makusudi, katikati ya mwinuko, nikaondoka tena na mzigo wote. Sikuhitaji kumwomba mtu anisukume.

Vilivyofuata ndivyo ambavyo hakuna anayekutajia. Klachi ilianza kuteleza wiki ya tatu. Springi zake zilipimwa kwa nguvu za 125. Tukaweka ngumu zaidi, na nikaacha kutumia oili ya magari, kwa sababu klachi ya pikipiki inaogelea ndani ya oili hiyohiyo, na ile ya magari mara nyingi ina dawa za utelezi. Mtetemo uliongezeka, maana pistoni ni nzito zaidi na krenki ilisawazishwa kwa ile nyepesi. Nati za kibeba namba nimekaza mpaka nimechoka. Breki hazikupanuka. Za dramu mbele na nyuma, zilezile, na kila kinachopanda Lushoto kitashuka. Kadi bado inasema CC 124, kwa hiyo mwenye bima ya maana azungumze na watu wake mapema.

Sasa Muheza. Mwezi wa pili nilikuwa na safari ya Tanga. Nikateremka Mombo, nikapita Korogwe, Segera, nikaingia barabara ya Tanga. Barabara nyoofu, asubuhi, hewa nzito ya pwani inaanza kunukia, na mimi sina mzigo. Kwa mara ya kwanza niliishika resi mpaka mwisho, nikaiacha hapo. Injini ilikuwa inaimba. Kadiri nilivyoshuka ndivyo ilivyopata nguvu, nikawa najisifu kimoyomoyo. Karibu na Muheza nikahisi kama mtu amenishika mkono begani kunivuta nyuma. Si kishindo; kama mtu amekanyaga breki taratibu. Halafu tairi la nyuma likalia. Nikabana klachi bila kufikiri, nikateleza hadi ukingoni, kimya kabisa, nasikia cheni tu ikipiga piga.

Imenoki.

Mama mmoja mwenye meza ya machungwa alinitazama nikipiga kiki iliyokuwa imesimama kama mguu wa meza. "Iache ipoe, baba," akasema. "Kaa kivulini." Nikakaa. Nikanunua machungwa kumi kwa aibu ya kukalia benchi lake bure. Baada ya nusu saa kiki ikashuka, nikafungua plagi: nyeupe kama chaki.

Kosa lilikuwa langu, na lilikuwa limekaa kwenye hesabu niliyoipiga mwenyewe chini ya blanketi. Jeti tuliipima Lushoto, kwenye hewa nyepesi. Huku chini silinda inajaa hewa nyingi zaidi, lakini tundu la jeti halikui. Mafuta yanakuwa pungufu kwa hewa iliyopo, moto unakuwa mkali, pistoni inavimba kuliko silinda inavyoweza kuivumilia. Na ile nguvu niliyokuwa naifurahia tangu Segera ilikuwa ndiyo dalili yenyewe. Mlima uliokuwa unaninyima hewa ulikuwa pia unanilinda.

Alumini ya pistoni ilikuwa imejipaka kwenye ukuta wa silinda kama siagi kwenye mkate. Babu wa Korogwe akaboa robo milimita, ikaja pistoni ya 62.25. Kwa hiyo kichwa cha makala hii nacho kinaongopa: leo ni tano na robo tatu, CC 150 na kidogo. Nimekiacha kwa sababu kinasomeka vizuri.

Kuna ungamo moja limebaki. Wakati injini imelala Korogwe, niliazima pikipiki ya shemeji, 125 ya kawaida. Mbele ilikuwa na sproketi ya meno 15 na nyuma 38. Nikaweka 14 na 42, kwa ruhusa yake. Gawanya mwenyewe: mvuto kwenye tairi unaongezeka kwa asilimia 18. Nilibeba mifuko miwili ileile, kona zilezile, na ilipanda. Barabara nyoofu ilikuwa adhabu, injini inalia na magari yanakupita, lakini ilipanda. Sproketi mbili na saa moja ya kazi. Nilimwambia mzee kwa hasira kidogo kwamba angeniambia mapema.

"Ulisema unataka nguvu," akajibu. "Hukusema unataka kupanda mlima."

Sijarudisha bloku ya zamani, na sitarudisha. Ile sauti nzito kwenye gia ya tatu, pale kabla ya Soni, nimeshaizoea.

Chini ya kiti sasa naweka kikopo cha dawa ya macho. Ndani mna jeti namba 107, bisibisi fupi na kipande cha kanga. Nikishuka kwenda Tanga nasimama Mombo chini ya mti, nafunga mafuta, nafungua bakuli la kabureta, natoa 100, naweka 107. Dakika kumi. Wiki iliyopita vijana wa bodaboda walinizunguka wakiuliza imeharibika nini. Nikasema nabadilisha hewa. Mmoja wao akachutama upande wa kushoto, akafuta tope kwa kidole gumba, akasoma.

"Kumbe ni moja mbili tano tu, braza."

Nikamwambia ndiyo, nikasogeza ugoko, nikapiga kiki.